Mi Nanunua Vifungo, Nguo Ni Nyongeza

Mhariri salaam, na wasomaji wenzangu wote. Swali lenu la wiki hii mmeuliza, "Kitu gani ulikipata mtumbani ambacho leo hata mtu aje na hela mkononi humuuzii?" Najua wengi watajibu viatu, gauni la sendoff, sijui jinzi orijino, sasa mi jibu langu ni koti la sufu, zito kama godoro lililonyeshewa, nililinunua hapa hapa Mtwara kwa buku jero na sijawahi kulivaa hata siku moja. Msicheke kwanza.

Mtwara joto lake mnalijua. Mwezi wa saba kusi ikivuma tunatia kisweta asubuhi, saa nne kishakuwa begani, basi, baridi yetu ndo hiyo. Kwa hiyo belo likifunguliwa likakutwa na makoti muuzaji ananuna kama kafiwa, maana mzigo huo huo ungeshushwa Njombe au Makambako kwenye baridi ungeisha kama njugu, huku kwetu unalala chini ya meza wiki mbili tatu mpaka makoti yanageuka kuwa ya kukalia. Mimi napita hapo hapo, makoti yakishakaliwa.

Mi sinunui nguo, nanunua vifungo, nguo ni nyongeza. Mama watoto ananiambia huo ni ugonjwa. Lakini koti zito la zamani ndo lenye vifungo vya maana, vya pembe, vya ngozi iliyosukwa, vya shaba, na ukienda dukani leo kununua kimoja kama hicho, kwanza hukipati, na ukikipata bei yake unanunua koti zima. Siri yake ni moja tu, muuzaji asikuone unaangalia vifungo! Shika kola, guna, tafuta tundu la nondo umwonyeshe, uliza hivi hili lina ndugu yake dogo, weka chini, ondoka hatua tatu. Mwenyewe atakuita "mzee wangu njoo tuongee". Siku ukianza kupapasa vifungo mbele yake ujue umeliwa.

Hii tabia nimeitoa kwa marehemu mama. Alikuwa na cherehani ya mkono, ile unazungusha gurudumu kwa kulia huku kushoto unaongoza kitambaa, na pembeni yake kopo la maziwa ya unga limejaa vifungo. Sheria nyumbani ilikuwa nguo haiwi dekio mpaka ivuliwe vifungo, na zipu ikiwa nzima nayo inafumuliwa. Tulikuwa tunaona ni ubahili, kumbe alikuwa na sababu zake, zile bidhaa zilivyoadimika mwanzoni mwa miaka ya 80 dukani ulikuwa unakuta rafu na muuzaji tu, na huku kusini hata mambo yalipofunguka bado barabara ilikuwa kesi nyingine, masika magari yanalala Rufiji yanasubiri kivuko cha Ndundu, mzigo ukifika umeshaloa au haufiki kabisa, na hiyo tulikwenda nayo mpaka daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003. Kwa hiyo kifungo cha shati la shule kikikatika mwezi wa tatu unakitoa wapi? Kwenye kopo la mama. Majirani walikuwa wanatuma watoto, "shikamoo bibi, mama anaomba kifungo cheupe," na mama anauliza matundu mawili au manne, kikubwa au kidogo, anachovya mkono bila kuangalia anatoa kile kile. Mitumba yenyewe wazee walikuwa wanaiita kafa ulaya, yaani mwenye nguo kafa huko kwao ndo imetufikia sisi, na kuna bibi mmoja mtaani kwetu alikuwa hagusi shati la mtumba mpaka limwagiwe maji ya moto yenye chumvi, mwenyewe asije akaifuata nguo yake.

Sasa kopo langu mimi ni la biskuti, kubwa. Mwaka juzi nilihesabu nikafika elfu moja na mia na kitu nikachoka. Nina vya pembe, vya mfupa, vya mbao, vya shaba vyenye nanga nadhani vya mabaharia, na vya kombe, lile gamba la chaza na wenzake, vile vinang'aa rangi rangi ukivigeuza kwenye jua kama tumbo la chaza. Watu wananiuliza unajuaje kama ni kombe na si plastiki. Kiweke shavuni, cha kombe ni cha baridi hata mchana wa jua kali na kinakaa baridi muda, plastiki inapata joto lako mara moja. Kigonge kidogo kwenye jino, kombe linalia kama kigae. Halafu kigeuze mgongo, mara nyingi utakuta ngozi ya kombe yenyewe, kahawia au kijivu, haijalainishwa. Cha pembe kina michirizi kama ya ukucha, na ukikigusa nyuma kwa sindano ya moto kinanuka nywele zilizoungua. Cha mfupa kina vidoti vidoti na vimistari vyeusi kama vumbi limeingia ndani. Ila jamani hiyo sindano ya moto mguse mgongoni na kidogo tu, mi niliharibu kimoja kizuri sana kwa kiherehere.

Na hivi vya kombe vina habari yake. Binti yangu alinitafutia kwenye simu siku moja umeme umekatika tumekaa tu nje. Kuna Mjerumani anaitwa John Boepple, fundi vifungo, alihamia Marekani, mwaka 1891 akaanza kutengeneza vifungo kwa makombe ya kome wa mto Mississippi kwenye mji unaitwa Muscatine, jimbo la Iowa. Mji ukanoga kwa vifungo mpaka ukaitwa makao makuu ya vifungo vya lulu duniani, wanatoboa kombe kwa msumeno wa duara, vipande vinatoka kama shilingi. Halafu mwenyewe 1912 akafa kwa kukanyaga kombe, kidonda kikaingia sumu kwenye damu. Mtu wa Mikindani hapa pwani kwetu ukimpa hiyo habari haoni ajabu, nani huku hajachanwa na kombe maji yakiwa yametoka akienda kuokota chaza, tunafunga kitambaa tunaendelea. Plastiki ilipokuja ikavimaliza, na ndo maana ukivikuta kwenye nguo ya mtumba leo mara nyingi ni blauzi kongwe ya bibi fulani wa huko.

Turudi kwenye koti maana nikianza vifungo sikamatiki.

Lilikuwa la kiume, kijivu giza, mfuko wa kulia umetoboka chini, mbele lina nafasi ya vifungo sita vya pembe rangi ya kahawia yenye mawingu, lakini vipo vitano. Cha tatu kutoka juu hakipo, uzi umebaki unaning'inia. Nikapapasa ndani kwenye mshono wa pembeni pale wanaposhonea kifungo cha akiba (na nyie muwe mnaangalia hapo, watu wengi wanavaa shati miaka mitano hawajui lina kifungo cha bure tumboni) hakuna kitu. Iliniuma, ila vitano vya pembe kwa buku jero, nikabeba.

Nilivitaka kwa ajili ya Kaunda suti. Binti alikuwa anaolewa, kitambaa nilishanunua, na nilikataa kumpelekea fundi kwa sababu kuna fundi mmoja miaka ya nyuma nilimpa suruali na koti apunguze, likarudi limepungua kweli na vifungo vyangu vya shaba vimepungua pia, kaweka vya plastiki anasema ndo vilivyokuwepo. Nikanyamaza. Tangu siku hiyo nashona mwenyewe, cherehani ya mguu niliyonunua kwa mtu anahama, mkanda ulikuwa umelegea nikaukata kidogo nikaunga upya kwa ile pini yake, ikatulia. Angalizo kwa walio pwani, chumvi ya hewa inakula chuma, mafuta kila wiki, na yawe mafuta ya cherehani, si ya kupikia, ya kupikia yakikaa yanaganda yanakuwa gundi, shauri yako.

Koti lenyewe nililifumua. Hapa ndo mjue sufu haitupwi. Mama watoto anauza ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa kama viazi, ya kuchemsha jioni, ya chumvi na pilipili ya unga, na shida yake kubwa ilikuwa inapoa, kutoka nyumbani mpaka anapokaa, na akishakaa upepo wa baharini, mteja akishika ikiwa baridi anaweka chini. Nikamshonea koti la sufuria. Nilikata mgongo wa lile koti na mapaja yote mawili ya mbele, nikalaza tabaka mbili za sufu, bitana yake ile ile ya kuteleza nikaigeuza ndani, nikapitisha mishono ya mraba mraba kama godoro ili tabaka zisikimbiane, kitako chake cha duara chini na mfuniko wake juu wa kufunga kwa kamba. Sindano namba 14 ilivunjika mbili, nikaweka namba 18 nikawa nakanyaga polepole, mahali pazito kabisa kwenye maungio nazungusha gurudumu kwa mkono. Halikuwa zuri kulitazama. Ila alitoka saa kumi, akarudi saa mbili usiku na iliyobaki bado ina mvuke, na hapo ndo nilipoacha kuitwa mgonjwa, kwa muda.

Suti sasa. Vifungo vitano na matundu sita. Nilijaribu kifungo cha mpingo, nilipewa kipande na mchonga vinyago, kikatoka kizuri lakini cheusi tii, kando ya vya pembe kinaonekana kama jino lililong'oka. Nikaenda kwenye kifuu cha nazi. Unachagua kifuu kikavu cha nazi iliyokomaa, unachora duara kwa sarafu, unakata kwa msumeno mwembamba, msasa mkali kisha msasa laini, matundu unatoboa KABLA hujakipunguza kabisa maana kikiwa chembamba kinapasuka, mwisho unakipaka mafuta ya nazi kinakunywa. Rangi ikakaribia sana. Nikakiweka cha mwisho chini kabisa, na vyote nikavishona kwa uzi uliopitishwa kwenye nta ya nyuki, juu ya kifungo nalaza njiti ya kiberiti, nashona juu yake, nikimaliza nachomoa njiti nazungusha uzi chini, kifungo kinapata shingo, hakikabi kitambaa. Harusini watu mia na kitu, hakuna aliyeona, isipokuwa mzee mmoja fundi wa zamani kutoka Lindi, aliniamkua vizuri, akanishika mkono, akainama kidogo akaniambia kwa sauti ndogo, "cha chini kifuu."

Nikaendelea kumtafuta wa sita. Miaka miwili. Kila koti nageuza, kila belo nipo, mpaka vijana wa mitumba wakawa wananitania, "mzee wa kifungo kimoja." Niliokota vingi vingine njiani, na blauzi moja ya vifungo vya kombe nikamshonea mjukuu shati, akarudi kutoka shuleni kanuna kwamba wenzake wamemwambia kavaa la mama yake, maana nguo ya kike upande wa kulia ndo unakaa juu na ya kiume kushoto, na watoto wa siku hizi wanaona kila kitu. Kuhamisha vifungo hakutoshi, matundu yameshakatwa, ikabidi nifunike ukanda mzima pande zote mbili kwa kipande cha kitenge na kukata matundu mapya. Likawa shati zuri kuliko la mwanzo ila nilitumia Jumamosi nzima.

Basi mwaka jana mwezi wa nane, mama watoto anaosha lile koti la sufuria, ananiita, "Baba, hebu njoo, hii kitu yako ina jiwe." Nikaminya. Kwenye kona ya chini, katikati ya tabaka mbili za sufu, kuna kitu kigumu cha duara, ukubwa wa sarafu. Nikakaa chini pale pale kwenye ngazi. Mwenyewe wa kwanza huko alikokuwa kifungo kilimkatikia, akakitia mfukoni akashone akifika nyumbani kama tunavyofanya wote, mfuko umetoboka, kikapitiliza chini kwenye pindo, na mimi, mimi ninayewafundisha watu kupapasa mishono kwenye gazeti, nilikata lile pindo na kulishonea humo humo na cherehani yangu. Miaka miwili kinakwenda kuuza ming'oko.

Nikaenda kuchukua kijisu cha kufumulia. Mama watoto akaliweka koti lake la sufuria mgongoni, akasema ming'oko ndo iko msimu, wateja wamezoea ya moto, nikifumua mraba mmoja itafumuka yote na mi mwenyewe najua, kwa hiyo kama nataka kifungo changu nikatafute koti lingine kwanza nishone jipya, hili liko kazini.

Ndo nalitafuta. Likiwa zito na bei haizidi buku mbili nitashukuru, ila hili la zamani, mhariri, hata uje na laki hatuliuzi, na suti yangu bado ina kifuu.