Mtoto anakataa chakula: tuanze na chupa kabla ya sahani

SWALI: Mwanangu ana miezi 20. Akila vijiko viwili vitatu anafumba mdomo. Namfuata na bakuli nyumba nzima, au namwekea katuni kwenye simu ndipo ameze. Nikiogopa atalala njaa nampa maziwa ya ng'ombe. Kwa siku anamaliza chupa nne za mililita 240. Nifanyeje?

JIBU: Chupa nne ni karibu lita nzima, na kwa umri wake maziwa yasizidi kama mililita 500 kwa siku. Anafika kwenye chakula tumbo limeshajaa. Tena maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo mno, kwa hiyo anayeyategemea huishiwa damu, na upungufu wa damu nao hukata hamu ya kula. Hapo mzazi huongeza chupa nyingine.

Punguza chupa moja kila baada ya siku tatu nne mpaka zibaki mbili. Mpe kwa kikombe, baada ya kula. Akiamka usiku, maji yanamtosha.

Kisha panga milo mitatu na vitafunio viwili, vikipishana kwa muda wa saa mbili na nusu hadi tatu. Katikati ni maji tu. Hata biskuti moja ya kumnyamazisha huharibu mlo unaofuata.

Pakua kidogo: kijiko kimoja cha chakula cha kila aina kwa kila mwaka wa umri, yaani kwake kimoja na nusu hadi viwili. Wengi hupakua mara tatu ya hapo, halafu hulalamika kwamba mtoto hajala. Mwaka wa kwanza uzito wake uliongezeka takriban mara tatu. Mwaka huu ataongeza kilo 2 au 3 tu, hivyo hamu kupungua si ajabu.

Mkalishe, miguu ikanyage kitu, simu iwe mbali. Anayelishwa akitazama katuni humeza bila kusikia shibe wala ladha. Mwache ashike chakula mwenyewe, achafuke. Baada ya dakika 20 hadi 30 ondoa sahani bila kubembeleza wala kugomba. Chakula kigeni weka punje tu kando ya anachokipenda. Huenda ukakirudia mara 10 hadi 15. Akikigusa, akikilamba, hata akikitema, amepiga hatua.

Wengi hukwama hapa: mtoto kakataa mlo, robo saa baadaye analia, anapewa chupa. Ameshajua kukataa kunalipa. Subiri zamu ya kitafunio. Siku za mwanzo kilio kitakuwepo.

Kwa kiwango hicho cha maziwa, apimwe damu hata kama anaonekana mzima. Usichelewe ikiwa amepauka, anakula udongo, uzito umesimama au unashuka, anatapika mara kwa mara, au anapaliwa kila akila. Uliza pia kuhusu choo: kikiwa kigumu, hamu haitarudi mpaka kilainike.