Je, twaweza kuachana bila kuvutana mahakamani?

SWALI: Mimi na mume wangu tumeishi miaka kumi na minne hapa Makorora, Tanga, tukajaaliwa watoto watatu, wa mwisho ana miaka mitano. Tumekubaliana, bila matusi wala kupigana, kwamba ndoa imetushinda. Nyumba yetu na duka la vifaa vya ujenzi, vyote tulivipata ndani ya ndoa, vina jina lake, na shemeji yangu mkubwa anasema kwamba sina changu kwa kuwa sikuwahi kupokea mshahara. Binamu yangu aliyeko Marekani anasema huko wanandoa hukaa meza moja na mawakili wao mpaka wakaelewana. Je, nasi twaweza?
Mama wa watatu

JIBU: Mama wa watatu, utaratibu huo wa Marekani, uitwao kwa Kiingereza "collaborative law", aliuanzisha wakili Stuart Webb wa Minneapolis mwaka 1990. Kila mwanandoa huwa na wakili wake, na wote wanne hutia saini kwamba mazungumzo yakivunjika, mawakili hao watajitoa na kesi itashikwa na wengine. Sharti hilo ndilo roho ya jambo zima, maana wakili asiyeweza kuipeleka kesi mahakamani hana faida ya kuichochea.

Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 haina utaratibu wa jina hilo, lakini haiwazuii kupatana. Kinyume chake, inataka ombi la talaka lieleze makubaliano yenu kuhusu matunzo na mali. Kwanza, hata hivyo, mtapita Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, liwe la kata au la BAKWATA ikiwa mlifunga ndoa ya Kiislamu. Likishindwa kuwapatanisha litawapa hati, ambayo haipaswi kuwa imepitisha miezi sita siku mnapofungua shauri. Karatasi ya talaka iliyoandikwa nyumbani haimalizi mambo kisheria. Amri ya mahakama bado inahitajika.

Shemeji yako amekosea. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani na malezi ni mchango katika kupatikana kwa mali ya wanandoa. (Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa kuwa mumewe alikwisha kumpa fedha za biashara naye akazitapanya, msingi uliowekwa, hata hivyo, umewafaa wanawake wengi.) Hiyo si ahadi ya nusu kwa nusu, kwani kiasi cha mchango hupimwa.

Kwa hiyo daftari la duka lifunguliwe mbele yenu wote wawili, pamoja na madeni ya mafundi waliochukua saruji kwa mkopo na yale mnayodaiwa na wauzaji wa jumla. Ikiwa mume atalificha, au ikiwa wewe unamwogopa kiasi cha kushindwa kumpinga, njia hii haikufai na ni heri hakimu aamue. Kila mmoja awe na mshauri wake wa sheria. Shemeji, kwa heshima zote, abaki nje ya kikao.

Kuhusu watoto, sheria huchukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba hufaa kukaa na mama yake, isipokuwa ithibitike vinginevyo, na mahakama haifungwi na mapatano ya wazazi yanayomdhuru mtoto. Basi andikeni kila kitu waziwazi: nani atalipa ada na matibabu, watoto watalala kwa baba siku zipi, na nani atabaki katika nyumba hiyo mpaka mgao ukamilike.