Maswali yenu: Mpango wa barabara wa miaka 20 anaukagua nani?

Nilipoandika kwamba mipango ya muda mrefu ya usafiri inahitaji mkaguzi huru, kama wanavyofanya Marekani, wasomaji wa Arusha na Moshi mlinirudia kwa maswali. Haya ni baadhi.

Si tunaye CAG tayari? Huyo mwingine wa nini? (Sakina)

Tunaye, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2008 inamruhusu kukagua ufanisi, siyo vitabu vya hesabu peke yake. Ripoti zake humfikia Rais mwishoni mwa Machi, kisha zinakwenda bungeni. Shida ni kwamba mara nyingi anafika fedha zikiwa zimeshatumika. Ninayemtaka mimi apitie mpango kabla kifusi cha kwanza hakijamwagwa. Aulize makadirio ya magari yametoka wapi, na kama kuna njia ya bei nafuu iliyowekwa kando bila maelezo.

Na awe mtu wa nje ya ofisi inayoandika mpango. Mwaka 2005 mtafiti Bent Flyvbjerg na wenzake walichapisha utafiti wa makadirio ya abiria na magari katika miradi 210 ya nchi 14. Kwa reli, katika miradi 9 kati ya 10 abiria waliotabiriwa walikuwa wengi kuliko waliopanda. Kwa barabara, nusu ya makadirio yalikosea kwa zaidi ya asilimia 20, juu au chini. Mara nyingi anayekadiria ndiye anayeutaka mradi, au analipwa na anayeutaka.

Umesema Marekani wanafanya. Wapi, na waligundua nini? (Usa River)

California. Kule sheria ya nchi inalitaka kila jimbo liwe na mpango wa usafiri wa angalau miaka 20. Mwaka 2019 bunge la California likapitisha sheria ya kutaka mpango wake upitiwe na chombo kingine, siyo idara iliyouandika. Watafiti wa vyuo vikuu wakapewa kazi, taarifa ikatoka 2022. Walichokuta ni pengo: mpango unahubiri kupunguza moshi na kutotegemea magari binafsi, huku fedha nyingi zikiendelea kwenda kwenye miradi iliyobuniwa zamani, kabla ya malengo hayo.

Kwangu mimi, hapo ndipo penye kazi yote. Arusha tuna Mpango Kabambe unaoishia 2035. Mkaguzi aushike mkono mmoja, na mkono wa pili ashike bajeti za Jiji, TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini) na TANROADS (wakala wa barabara kuu), asome mstari kwa mstari. Mpango ukisema waenda kwa miguu wapewe njia zao, na bajeti haina hata shilingi ya njia hizo, basi jibu ameshalipata. Hahitaji mshauri mwelekezi wa kumwambia.

Barabara ya mchepuo imejengwa, mbona mjini bado tunabanana? (Ngaramtoni)

Kwa sababu haikujengwa kwa ajili yako. Ile kilomita 42.4 ni ya malori yanayopita, yasiingie katikati ya mji. Mama anayetoka Kijenge na matenga yake kwenda soko la Kilombero hana haja nayo. Yeye anahitaji daladala inayofika na mahali salama pa kushukia. Kipande cha Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1, kilipanuliwa kuwa njia nne, lakini ukishaacha barabara hiyo kuingia mitaani unakutana na mji uleule.

Kuna jambo jingine linaloniudhi zaidi. Barabara mpya ikipita shambani, viwanja hupanda bei, zinafuata nyumba, fremu za maduka, kijiwe cha bodaboda, halafu wananchi wanadai matuta, tena kwa haki kabisa maana watoto wanavuka. Mwisho wa yote lori linatambaa kama lilivyokuwa likitambaa mjini. Barabara ni ya TANROADS, kibali cha kujenga kinatoka halmashauri, leseni ya daladala inatoka LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu. Mkaguzi huru awaweke watatu hao meza moja, maana kila mmoja akiulizwa peke yake atakuonyesha kwa mwenzake.

Shikamoo mwandishi. SGR itafika lini Moshi? (Mwanafunzi, Moshi)

Marahaba. Tarehe ya hiyo reli ya kisasa sikupi. Reli ya zamani kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 na Arusha 1929. Treni ya abiria ikaja kusimama miaka mingi, ikarudi Moshi 2019 na Arusha 2020. SGR iliyopangwa ni ya Tanga–Arusha–Musoma, yenye matawi ya Minjingu kwenye fosfeti na Engaruka kwenye magadi. Matawi hayo yanakuonyesha kwamba hesabu imeegemea mzigo. Swali la mkaguzi: magadi yakichelewa kuchimbwa, mkopo wa reli utalipwa na nini?

Nyumba yangu iko kando ya barabara kuu. Nitalipwa? (Kisongo)

Inategemea. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili yake, kutoka mita 45 hadi 60 kwa upana wote, siyo kila upande. Kama ulijenga kihalali nje ya ile 45 na barabara ndiyo iliyokufuata, dai fidia. Kama wewe ndiye uliyeifuata, sahau.

Nyaraka hizi mwananchi wa kawaida anazipataje? (Njiro)

Andika barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaitaka ofisi ikujibu ndani ya siku 30. Taja jina la waraka na mwaka wake, usiombe "taarifa zote za barabara", na usiondoke masijala bila nakala yako kugongwa mhuri.