Re: Tofali za majivu ya miwa zinamung'unyuka siku ya 7
Habari mkuu. Umesema umepunguza saruji kwa asilimia 20, ukaweka majivu ya makapi ya miwa kutoka boila la kiwanda cha sukari, na siku ya 7 tofali zinamung'unyuka pembeni.

Kabla ya kugusa vipimo, tazama rangi ya majivu. Yakiwa meusi, yana kaboni isiyoungua: inakunywa maji na haishiki chochote. Kausha gramu chache, pima, choma kwa nyuzi 750 za Selsiasi mpaka uzito usishuke tena. Kiwango cha Marekani cha ASTM C618 kinaruhusu upotevu wa uzito usiozidi asilimia 6 kwa majivu ya makaa ya mawe, nami naufuata huohuo kwa ya miwa.

Pili, yasage. Ya boila huja na mchanga wa shambani na chembe nene. Mimi siyatumii mpaka yawe laini kama saruji. Huna kinu? Shuka hadi asilimia 10.

Halafu siku 7 ni mapema mno! Silika ya majivu (madini kama yale ya mchanga) inasubiri chokaa ambayo saruji huitoa ikikutana na maji, ndipo ishikane nayo, hivyo nguvu huchelewa. Mwagilia, funika kwa turubai, kisha pima siku ya 28 na ya 56 pamoja na tofali za saruji tupu. Tafadhali usiutupe mzigo huo bado.