Simba Haijamfukuza Mkeo

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni bodaboda wa Mbagala, miaka 34, Simba damu. Msimu huu umeniua. Mke wangu, ambaye kwao ni Yanga watupu, hajui uchungu wangu. Siku Yanga walipotufunga tano alicheka, maneno makali yakatoka, rimoti ikavunjika. Aprili tulipofungwa tena, hela yake ya kikoba ikatumika kidogo, laki na ishirini tu. Sasa ni wiki ya tatu yuko kwao Kigogo, na shemeji ananitumia picha za kombe. Nimwambieje aelewe kwamba mpira unauma?*

Marahaba, mwanangu. Pole. Mpira unauma kweli, na msimu wa 2023/24 ulikuwa mgumu kwa mtu wa Msimbazi. Tarehe 5 Novemba na Yanga mlikwenda mapumziko 1–1, mkarudi mkala nne. Kocha Robertinho akaondoka, akaja Benchikha, naye akaondoka Aprili, Mgunda akaumalizia msimu. Aprili hiyohiyo Al Ahly wakawatoa robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Mashujaa wakawatoa Kombe la FA kwa penalti, Yanga wakawafunga 2–1. Mwisho mmelingana na Azam kwa pointi 69, wao wakawapita kwa tofauti ya mabao na kuchukua nafasi ya Ligi ya Mabingwa.

Pole yangu inaishia hapo.

Isome tena barua yako. Maneno yalitoka. Rimoti ilivunjika. Hela ilitumika. Nyumbani kwako hakuna mtenda, vitu vinajitendea vyenyewe! Rimoti haivunjiki yenyewe ikiwa mezani. Uliirusha, na hukuandika uliirusha upande gani. Mkeo anaujua upande huo. Hakuondoka kwa sababu ya Simba.

Unasema alicheka. Agosti mlipowapiga Yanga kwa penalti kwenye Ngao ya Jamii kule Tanga, wewe hukucheka? Ulicheka, tena mbele ya shemeji yako. Je, kuna mtu alirusha kitu? Utani una masharti: anayecheka leo ndiye atakayechekwa kesho. Ukiugeuza ugomvi, umeuvunja wewe. Shemeji simlaumu kwa picha za kombe, maana huo ndio utani aliouzoea kwako.

Tuje kwenye hela, maana kidonda kiko hapo. Hukutaja mkeka wa kubeti popote, lakini laki na ishirini haiishi kwenye kiingilio cha kibanda umiza. Ulibeti, ukaliwa, ukachukua hela ya mkeo ili urudishe ya kwanza. Tupige hesabu. Mkeka wa mechi nane, tuseme kila mechi ina nafasi 7 kati ya 10 ya kutiki. Zote nane kutiki kwa pamoja ni takribani mara 6 kati ya 100. Mara 94 mkeka unachanika. Na wewe timu ya kwanza kuiweka ni Simba, kwa sababu unaipenda. Mapenzi hayaongezi nafasi hata moja.

Hiyo laki na ishirini unaiita "kidogo". Kwenye kikoba mwanachama hukopa kwa kipimo cha hisa zake, mara nyingi hadi mara tatu, na wenzake humdhamini. Rejesho likikosekana, yeye hupigwa faini mbele ya wote na wadhamini wake hubanwa walipe. Mkeo alikaa kwenye kile kikao mikono mitupu, akaangaliwa na wanawake waliomwamini, huku akikuficha wewe. Aibu ile ni yako, kaibeba yeye. Mimi niko upande wake.

Ndoa nyingi za siku hizi zinafia kwenye simu. Zamani hela ilikaa chini ya godoro, ikipungua wote wawili mnaona. Leo mume analala ubavuni kwa mkewe, anabonyeza mara nne, rejesho limekwenda, na asubuhi anaombwa ya mkaa anasema biashara mbaya. Mwanamke anayekaa na mume wa namna hiyo hana pa kushika. Akienda kwao, anaitwa mke asiye na uvumilivu.

Fanya hivi. Leo piga simu huduma kwa wateja ya kampuni unayobetia, omba akaunti yako ifungwe kabisa. Usikubali kuifuta programu tu, kwa maana utairudisha Jumamosi. Kila jioni ukishatoa hesabu ya bosi, tenga 8,000 na uitume palepale kwenye namba ya mkeo. Siku 15 laki na ishirini imetimia. Faini waulize wenyewe ni kiasi gani, uilipe juu yake.

Zikitimia, mchukue mzee mmoja anayeheshimika kwenu, mwende Kigogo. Msiende siku ya mechi, na jezi iache nyumbani. Mbele ya mama mkwe sema kwa kinywa chako: nilitukana, nilirusha rimoti, nilichukua hela nikabetia. Msimu usiutaje kabisa. Ukianza na Benchikha, umeharibu.

Shemeji akikutania, mtanie naye. Mkeo akisema bado hayuko tayari, usimbane wala usimwombe mama yake amlazimishe. Aga vizuri, rudi Mbagala, na kesho yake jioni endelea kutuma.