Maswali na Majibu: Waling'oa Jukwaa, Wakabakiza Jina

Barua za safari hii zimejaa Les Misérables ya London, ule mchezo wa muziki wa jukwaani uliotokana na riwaya ya Mfaransa Victor Hugo. Wapo wasomaji walioiona zamani, wakarudi juzi na watoto wao, wakatoka ukumbini wakiulizana kama ni macho yao yamezeeka. Macho yenu mazima. Nimechagua maswali machache yanayojibika, na machache yasiyostahili jibu refu.

Niliiona Les Misérables mwaka 1998 nikisoma London. Mwaka huu nimempeleka binti yangu, na lile jukwaa la kuzunguka halikuwepo. Lilikuwa bovu siku ile? – Msomaji, Reading

Ubovu haukuwepo, ndugu yangu. Liling'olewa.

Wewe uliiona ukumbi wa Palace. Onyesho lile lilianza ukumbi wa Barbican tarehe 8 Oktoba 1985, likaongozwa na Trevor Nunn na John Caird wa Royal Shakespeare Company, prodyuza akiwa Cameron Mackintosh. Desemba mwaka huohuo likahamia Palace, na mwaka 2004 likahamia ukumbi wa Queen's. Mandhari yake yalibuniwa na John Napier: sakafu inayozunguka, na marundo mawili makubwa ya mbao, magurudumu na viti vilivyovunjika yanayokuja kutoka pande mbili na kushikana kuwa kizuizi cha barabarani. Vita vikiisha, sakafu inageuka taratibu, na sisi tuliokuwa upande wa waasi tunaonyeshwa upande wa pili. Pale ndipo tulipomwona Enjolras, kiongozi wa waasi, amelala kichwa chini juu ya bendera yake nyekundu. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyesema neno. Sakafu ndiyo iliyotuonyesha.

Tarehe 13 Julai 2019 onyesho hilo lilifungwa. Queen's ukaingia kwenye ukarabati, na wakati huo nyimbo zikaimbwa kama tamasha katika ukumbi jirani wa Gielgud. Desemba ukumbi ukafunguliwa kwa jina jipya, Sondheim, na ndani yake toleo jingine: waongozaji Laurence Connor na James Powell, mandhari ya Matt Kinley, na projekta zinazomulika ukutani picha zilizotokana na michoro ya Victor Hugo mwenyewe. Hadithi ni ileile, muziki wa Claude-Michel Schönberg ni uleule. Kilichobadilika ni kila ulichokiona kwa macho.

Ukibomoa nyumba ukajenga nyingine kwenye kiwanja kilekile, anwani haibadiliki, lakini hutamwambia mgeni kwamba hii ndiyo nyumba aliyolala mwaka 1998. Sherehe za miaka 40 za Oktoba 2025 zilihesabu kuanzia Barbican. Kwa muziki na maneno, hesabu ni halali. Kwa jukwaa la Sondheim, mwanzo ni Desemba 2019.

Mimi niliiona Dubai Opera mwaka 2016. Hiyo ilikuwa ya asili? – Msomaji, Sharjah

La. Ilikuwa lile toleo jipya, ambalo lilizunguka nje kabla ya kuchukua nafasi ya la zamani London. Kufikia wakati huo ya asili ilibaki London peke yake.

Kwa nini katika mchezo unaohusu Mapinduzi ya Ufaransa hatumwoni mfalme akikatwa kichwa? – Msomaji, Mombasa

Kwa sababu hauhusu Mapinduzi ya Ufaransa. Swali hili huja kila msimu, na kila msimu najibu vilevile: kizuizi mnachokiona ni cha Juni 1832, maasi ya siku mbili mjini Paris yaliyozimwa na jeshi. Mfalme Louis wa 16 alikatwa kichwa mwaka 1793, karibu miaka arobaini kabla. Mwaka umeandikwa kwenye kitabu cha programu. Mkikinunua kwa bei ile, angalau kisomeni.

Waliibadilisha kwa nini hasa? Ilikuwa inajaza watu. – Msomaji, Birmingham

Mwenye mali atakuambia ni sanaa, mpinzani wake atakuambia ni pesa. Nadhani wote wawili wanasema kweli nusunusu.

Anza na pesa. Toleo jipya halikuzaliwa London. Lilizaliwa Cardiff, Wales, Desemba 2009, kwa ajili ya ziara ya kuadhimisha miaka 25. Onyesho la ziara lazima lifungwe, lipakiwe kwenye malori, na lifunguliwe mji mwingine baada ya siku chache. Sakafu inayozunguka yenye injini chini yake ni mzigo wa kuhamisha, na si kila ukumbi una nafasi ya kuipokea. Toleo lisilo na sakafu hiyo huingia kumbi nyingi zaidi. Likaenda Marekani mwaka 2010, likafika Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za New York, mwaka 2014. Oktoba 2010 watu wa London walikuwa na bahati ya ajabu: toleo la zamani Queen's, toleo jipya Barbican likiwa ziarani, na tamasha kubwa katika ukumbi wa O2, yote kwa wakati mmoja. Aliyetaka kulinganisha alilinganisha. Baada ya hapo ilikuwa suala la muda tu. Kampuni yenye matoleo mawili ya kitu kimoja itajiuliza siku moja kwa nini inatunza yote mawili.

Sasa sanaa. Onyesho linalochezwa mara nane kwa wiki kwa zaidi ya miaka thelathini huchoka. Waigizaji wanabadilishwa, na kila anayeingia hufundishwa asimame pale aliposimama mwenzake aliyemtangulia, ambaye naye alifundishwa na mwingine. Mwisho unapata watu wanaojua wapi pa kusimama bila kujua kwa nini. Toleo jipya liliwafanya watu waanze upya kufikiri, na inaonekana: linakwenda kasi. Valjean, mhusika mkuu, anapombeba kijana Marius kwenye mifereji ya maji machafu, handaki linasogea nyuma yake kwa projekta, na mtoto wako atakushika mkono. Hugo aliacha michoro ipatayo 4,000, mingi ya wino na giza, na kuitumia ni wazo la mtu aliyesoma.

Lakini Enjolras siku hizi analetwa kwenye mkokoteni, amelazwa pamoja na yule mtoto Gavroche. Inasikitisha, sikatai. Ila tumeletewa maiti tuitazame, wakati zamani tulizungushwa hadi tukaiona wenyewe. Nitawalaumu kwa hilo hadi nistaafu.

Je, ni haki kumwondoa mwongozaji aliyeutengeneza mchezo tangu mwanzo? Si huo ni wizi? – Msomaji, Minneapolis

Neno wizi ni zito, na mahakamani halitasimama. Mikataba ya kazi hizi hutenganisha vitu viwili. Watunzi wa muziki na maneno wanalipwa mirabaha, yaani fungu la mapato, popote mchezo unapochezwa, kwa sababu bila wao hakuna mchezo. Mwongozaji, mbunifu wa mandhari na mbunifu wa mavazi wanalipwa kwa kazi yao jukwaani. Kazi hiyo ikiondolewa, malipo nayo huondoka. Kwa hiyo mtu akikuambia kuweka toleo jipya ni uamuzi wa kisanaa mtupu, muulize hundi za mirabaha sasa zinakwenda kwa nani.

Trevor Nunn hakufurahi, na alisema hadharani. Nilimwonea huruma, maana yeye na Caird hawakukuta mchezo ule ukiwa tayari. Wafaransa walikuwa wameucheza Paris mwaka 1980, Palais des Sports, kwa watu walioijua hadithi ya Hugo tangu shule. Kuugeuza uwe mchezo anaouelewa mtu asiyewahi kufungua kitabu kile, hiyo ilikuwa kazi ya chumba cha mazoezi cha 1985. Kila toleo lililofuata, pamoja na hili jipya, linatembea juu ya maamuzi yaliyofanywa mle.

Huruma yangu ina mpaka, hata hivyo. Mwaka 2016 Cats, mchezo wa muziki wa paka, ilirudishwa Broadway. Mwongozaji: Trevor Nunn huyohuyo. Mandhari: John Napier huyohuyo. Aliyeguswa ni Gillian Lynne, mama aliyetunga kila mruko na kila mkunjo wa mgongo wa wale paka tangu 1981. Akaletwa mtunzi mwingine wa densi, Andy Blankenbuehler, azifanyie kazi upya. Lynne, akiwa na miaka 90, alisema wazi jinsi lilivyomuumiza. Baadaye, mwaka 2018, ukumbi wa London ambako Cats ilizaliwa ulipewa jina lake. Ni heshima kubwa, na aliistahili. Ila jina ukutani halirudishi densi jukwaani.

Kama mnataka mfano wa jambo hili kufanywa kwa adabu, tazameni Beauty and the Beast. Disney walipoifanya upya Uingereza mwaka 2021, waliwaita watu waleule walioitengeneza kwa jukwaa mwaka 1994. Matt West, aliyekuwa mtunzi wa densi mara ya kwanza, safari hii aliongoza pia. Wabunifu wakapewa nafasi ya kusahihisha kazi yao wenyewe. Kwa hiyo inawezekana. Anayesema haiwezekani hajauliza.

Na The Phantom of the Opera? Mume wangu anasema ni ileile ya 1986. Mimi nasema imepungua. – Msomaji, Milton Keynes

Umeshinda, dada, ingawa mumeo hakudanganya. Jina la mwongozaji Hal Prince lipo, mandhari bado yanatokana na kazi ya Maria Björnson, densi bado ni za Gillian Lynne. Lakini onyesho lililofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona halikurudi lilivyokuwa. Lilipofunguliwa Julai 2021 mandhari yalikuwa yamerekebishwa, na okestra imeshuka kutoka wapiga ala 27 hadi 14. Kufikia siku hiyo Prince, Björnson na Lynne wote walikuwa wameshafariki, kwa hiyo hakukuwa na wa kugonga meza.

Hili ndilo linaloniudhi kuliko Les Misérables. Pale walau waliandika majina mapya na kila mtu akajua. Hapa majina ya zamani yamebaki na nusu ya wapiga ala wameondoka. Watu wanatetea kwamba vyombo vya kielektroniki vimeboreka. Vimeboreka, ndiyo. Basi na tiketi ipungue kwa kiasi kilekile, tuone kama watatetea tena. New York walikaa na okestra yao kubwa hadi pazia la mwisho, tarehe 16 Aprili 2023, baada ya maonyesho 13,981.

The Lion King nayo itabadilishwa? Nina mpango wa kuwapeleka wanangu London mwakani. – Msomaji, Nairobi

Wapeleke bila wasiwasi. Ukumbini Lyceum tangu 1999 wanacheza kazi ya Julie Taymor, ileile iliyofunguliwa Broadway mwaka 1997, na mradi watu wanapanga foleni kumwona Rafiki akiwaita wanyama, hakuna mhasibu atakayeigusa. Ila usidhani haijaguswa kamwe: Broadway waliuondoa wimbo mzima wa yule ndege Zazu, "The Morning Report", mwaka 2010, na wengi hawakutambua. Kila mchezo wa muda mrefu hupunguzwa hapa na pale. Swali ni lini kupunguza kunakuwa kitu kingine.

Lipia viti vya kando ya njia kama mfuko unaruhusu. Wanyama wanapita hapo.

Nimeona filamu ya Les Misérables ya 2012. Kuna haja ya kwenda ukumbini? – Msomaji, Dodoma

Ipo.

Mimi ni mwalimu wa sanaa za maonyesho. Toleo la 1985 naweza kulionaje leo? – Msomaji, Dar es Salaam

Mwalimu, shikamoo, na pole, kwa sababu swali lako ndilo zuri kuliko yote na jibu lake ndilo baya kuliko yote. Rekodi zinazouzwa hazitakusaidia. Ile ya Royal Albert Hall ya 1995 na ile ya O2 ya 2010 ni matamasha: waimbaji wamesimama mbele ya vipaza sauti, okestra nyuma yao. Utapata sauti, hutapata jukwaa. Wanafunzi wengi wanaandika insha kuhusu uongozaji wa Nunn na Caird wakiwa wametazama tamasha, na wasimamizi wao wanapitisha. Usiwe mmoja wao.

Vyombo vya kuhifadhi vipo. Maktaba ya umma ya New York imekuwa ikirekodi maonyesho ya jukwaani tangu 1970, na makumbusho ya Victoria and Albert (V&A), London, tangu 1992. Rekodi hizo hutazamwa hukohuko, kwa kuomba, na kwa sababu za kitaaluma. Haziwekwi mtandaoni, maana mikataba ya waigizaji na wanamuziki hairuhusu. Ukipata safari, andika barua mapema, taja utafiti wako, na uulize wana nini kabla ya kukata tiketi ya ndege.

Nami naongeza ambalo hukuuliza: prodyuza anayeamua kufunga onyesho la miaka 33 ana wajibu wa kulirekodi vizuri kabla ya kuleta mafundi wa kubomoa, na kuwalipa waliomo. Gharama yake ni ndogo kwa mchezo ulioingiza fedha kiasi kile.

Wanafunzi wako waanzie kwenye picha za mandhari ya Napier. Wape kazi ya kuchora sakafu: kizuizi kikigeuka, nani anaonekana kwanza na nani anafichwa. Watajifunza uongozaji zaidi ya watakavyojifunza kwenye tamasha.

Basi niende au nisiende? Nitajua vipi ninachonunua? – Msomaji, Barking

Nenda. Waimbaji wa Sondheim ni wazuri, na ambaye hakuona la zamani hatakosa kitu anachokijua.

Kabla hujalipa, kwa mchezo wowote wa zamani, tafuta mstari mdogo chini ya tangazo unaotaja mwongozaji na mbunifu wa mandhari. Usiangalie mwaka ulioandikwa kwa herufi kubwa. Nunua dirishani pa ukumbi au kwenye tovuti yake, maana wanaokuuzia kando wanaongeza bei na hawajui wanakuuzia toleo gani. Na kwa kuwa siku hizi mandhari mengi yanamulikwa juu ukutani, epuka safu za nyuma kabisa za chini, zilizofunikwa na ghorofa. Utalipa bei kamili uone miguu tu ya Javert, yule polisi anayemwinda Valjean, akianguka.