Maswali yenu kuhusu Jalandhar, kule Punjab

Niligusia juzi wilaya ya Jalandhar, kaskazini mwa India, ile iliyopo kati ya mto Beas na Sutlej, maswali yakamiminika. Najibu machache.

Eti makalasinga waliojenga reli ya Mombasa walitoka huko? (Msomaji, Voi)

Baadhi ndio, ila sio wote, na sio Masingasinga peke yao. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua kama 32,000 kutoka India, wengi wao wa Punjab, wakapakiwa meli Karachi, na humo ndani Waislamu walikuwa wengi tu. Karibu 2,500 walikufa, kama 6,700 wakabaki, waliosalia wakarudi kwao mkataba ulipoisha. Masingasinga waliobaki huku wengi ni mafundi, seremala, wahunzi na waashi, jamii ya Ramgarhia, alafu ndugu zao wakafuata baadae. Ila hii ya kusema kila Mhindi wa Nairobi babu yake alijenga reli, hapana jamani, wenye maduka wengi asili yao ni Gujarat, na wengine walishakuja na majahazi kabla hata reli haijawazwa.

Baba anasema kuna kijiji huko kilitoa wachezaji wa hoki wa Kenya, ni kweli au stori zake tu? (Msomaji, Nakuru)

Dada, baba hajakudanganya kabisa. Kijiji kinaitwa Sansarpur, kipo ubavuni mwa kambi ya jeshi ya Jalandhar, askari wa Kiingereza walikuwa wanacheza hapo, vijana wa kijijini wakaangalia weee mpaka wakaijua kuliko wenyewe. Kijiji hicho kimoja kimetoa wachezaji 14 wa Olimpiki, wengi ukoo mmoja wa Kular, 9 wakaichezea India, 4 Kenya na mmoja Canada. Yani mtu na jirani yake wangeweza kukutana Olimpiki wakiwa na jezi tofauti! Udham Singh Kular alicheza Olimpiki nne, 1952 mpaka 1964, akarudi nyumbani na dhahabu tatu na fedha moja, na Ajit Pal Singh ndo nahodha aliyeipa India kombe la dunia 1975. Kenya ya miaka ile haikuwa ya mchezo, Olimpiki ya 1964 ilimaliza ya sita, kombe la dunia la 1971 ikawa ya nne, na ukiona picha za timu ni vilemba mstari mzima. Saa hizi Sansarpur imepoa, watu wamehamia nje, sifa zimeenda Mithapur, hukohuko Jalandhar, kwao na Manpreet Singh aliyekuwa nahodha India ilipopata shaba Tokyo.

Waislamu wapo huko? (Msomaji, Tanga)

Wamebaki wachache sana mzee wangu. Kabla ya 1947 walikuwa karibu nusu ya wilaya. Agosti ile mpaka wa India na Pakistan ulipochorwa, Waislamu wa Jalandhar wakakimbilia magharibi, Wahindu na Masingasinga wa upande ule wakakimbilia upande wa India, kwa miguu, kwa mikokoteni, kwa treni, na watu waliuawa pande zote mbili, hapo hakuna wa kumcheka mwenzake. Mitaa bado ina majina ya walioondoka, Basti Sheikh, Basti Danishmandan. Familia ya Nusrat Fateh Ali Khan, yule bingwa wa qawwali, nyimbo za dini za Kisufi, ilikuwa ya Basti Sheikh, yeye akazaliwa 1948 Faisalabad wakati wazee wake wameshahama. Hata Zia-ul-Haq, jenerali aliyetawala Pakistan 1977 mpaka 1988, ni mzaliwa wa Jalandhar.

Kinachonivutia mimi ni mafundi wa Sialkot. Sialkot iliangukia Pakistan, na huko ndo kulikuwa na viwanda vya mipira na bat za kriketi, sasa wenye viwanda Wahindu wakakimbia na ufundi kichwani, wakaanza upya Jalandhar. Leo Jalandhar inatengenezea India vifaa vya michezo, na Sialkot inashonea dunia nzima mipira ya miguu, washindani ambao zamani walikuwa mtaa mmoja.

Kuna picha ya watu wanapeleka ndege za plastiki hekaluni, ni photoshop? (Msomaji, Dubai)

Sio photoshop. Ni gurdwara, yaani hekalu la Masingasinga, ya kijiji cha Talhan. Unanunua kandege ka kuchezea, kameandikwa jina la shirika la ndege ubavuni, unakaweka mbele unaomba upate viza, vikijaa wanagawiwa watoto. Na vijiji vingine tenki la maji juu ya paa la nyumba linajengwa kwa umbo la ndege nzima na mkia wake, ili upite ujue hapa kuna mtu Uingereza au Canada, hata kama nyumba yenyewe imefungwa mwaka mzima anakaa mlinzi.

Kwahiyo huko wote ni Masingasinga wenye mashamba? (Msomaji, Moshi)

Hapana kaka. Sensa ya 2011 inaonyesha Wahindu ni kama 63 kwa mia na Masingasinga 33. Alafu zaidi ya theluthi ya wilaya ni Wadalit, wale waliowekwa chini kabisa kwenye mfumo wa tabaka, wengi wafuasi wa mtakatifu Ravidas, na jamii yao ndo imebeba kazi ya ngozi miaka mingi. Ardhi ya kilimo imekaa zaidi mikononi mwa Majat, jamii ya wakulima, hilo halisemwi sana kwenye video za trekta na muziki.

Nikienda niende mwezi gani? (Msomaji, Arusha)

Mwishoni mwa Desemba kuna tamasha la Harballabh, muziki wa klasiki wa Kihindi, lipo tangu 1875. Ila beba sweta nzito, na usikate tiketi ya treni ya kubana muda, ukungu wa msimu huo unachelewesha treni masaa.